Njia ya Mawe na Njia ya Sauti: Uhakiki wa Matembezi ya Wanawake Mashuhuri katika Mji Mkongwe wa Unguja

Utangulizi

Tangu Mji Mkongwe wa Unguja uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, matembezi ya miguu yamezidi kuwa mojawapo ya njia kuu za kuisimulia historia yake. Kwa saa mbili au tatu, kikundi cha watu humfuata mwongozaji kutoka Forodhani hadi Ngome Kongwe, Beit al-Ajab, Kasri, Hurumzi, Mkunazini na soko la Darajani. Katika kila kituo husimuliwa kisa. Ndani ya matembezi hayo ya jumla kumechipuka pia simulizi zinazowahusu wanawake walioacha athari katika mji huo. Maarufu miongoni mwao ni Sayyida Salme binti Said, ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Emily Ruete. Malkia Fatuma, aliyeitawala Unguja mwishoni mwa karne ya 17. Siti binti Saad. Na Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki matembezi hayo kama inavyohakikiwa kazi yoyote ya sanaa ya masimulizi. Hoja inayotetewa ni kwamba matembezi yanayofuata mawe pekee humtukuza mwanamke aliyeacha jumba na kitabu, humpunguza aliyeacha sauti, na humfuta kabisa yule aliyewabebea wenzake taa. Aidha, itaonyeshwa kwamba kasoro hii haiponi kwa kuongeza majina katika orodha ya vituo. Njia yenyewe ndiyo inayopaswa kuandikwa upya.

Matembezi kama matini

Huenda msomaji akauliza matembezi ya mjini yana uhusiano gani na uhakiki wa fasihi. Uhusiano upo, tena wa karibu. Matembezi yana msimulizi, ambaye ni mwongozaji. Yana hadhira iliyo mbele yake, inayouliza, kucheka na kuchoka. Yana mpangilio wa vitushi. Tena yana mandhari ambayo si ya kufikirika bali ya kukanyagwa. Mwongozaji hodari hufanya yale yanayofanywa na mtambaji wa ngano: huanza kwa kuivuta hadhira, huchelewesha kilele, huigiza sauti za wahusika, na huongeza au kupunguza kulingana na nyuso anazoziona. Kwa hivyo sifa zinazotumiwa kuichambua fasihi simulizi, yaani fanani, hadhira, tukio na utendaji, zinayafaa matembezi bila kulazimishwa.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, ambayo mhakiki hapaswi kuipuuza. Mtambaji wa ngano hahitaji ushahidi nje ya maneno yake. Akisema palikuwa na jumba, jumba linasimama. Mwongozaji yeye huelekeza kidole kwenye ukuta. Jiwe ndilo linalompa mamlaka ya kuaminiwa, na jiwe hilohilo ndilo linalomfunga. Mahali pasipo na ukuta hapana kituo, na pasipo na kituo hapana kisa. Hivyo uteuzi wa wahusika katika matini hii haufanywi na dhamira ya msimulizi pekee. Umekwisha kufanywa kabla yake na wale waliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe na chokaa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa historia ya wanawake. Mwanamume tajiri wa Unguja ya karne ya 19 alijenga, akachonga mlango, akaandika tarehe au aya juu ya mlango huo. Kwa wanawake wengi wa mji huo, athari ilipita katika mambo yasiyoacha ukuta: malezi, mafunzo ya unyago, vyama vya lelemama, tiba, wimbo na mazungumzo ya uani. Matini inayosomwa kwa kidole kilichoelekezwa ukutani ina upofu juu ya mambo hayo tangu mwanzo.

Sayyida Salme na faida ya kalamu

Si ajabu, basi, kwamba mhusika mkuu wa matembezi ya wanawake Unguja ni Sayyida Salme. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini mwa mji, akiwa binti wa Sultan Seyyid Said na suria wa Kicherkasi aliyeitwa Jilfidan. Alijifundisha kuandika katika mazingira ambamo wasichana walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, ujuzi huo ulimfanya kuwa mwandishi wa barua wa upande wa Barghash katika uasi dhidi ya ndugu yao Majid. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Alibatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, akaishi Ujerumani, na akafiwa na mumewe mwaka 1870. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Alifariki mjini Jena mwaka 1924.

Maisha haya yana kila kinachotakiwa na msimulizi wa mtaani: kasri, mapenzi yaliyokatazwa, kutoroka usiku, upweke ugenini na marejeo yasiyopokewa, kwani alirudi Unguja mwaka 1885 na 1888 bila kupatanishwa na ndugu zake. Zaidi ya hayo, yana kitabu. Mwongozaji anayemsimulia Salme ana matini ya kuitegemea, iliyoandikwa na mhusika mwenyewe. Jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1994 katika Kasri la zamani lilimtengea chumba, na mwaka 2015 yakafunguliwa mtaani Hurumzi makumbusho madogo yaliyobeba jina lake.

Haifai kuidharau kazi hiyo. Kwa miongo mingi baada ya kuondoka kwake, Salme alikuwa jina la aibu katika ukoo wake. Kumrudisha mtaani, akitajwa kwa jina alilopewa na wazazi wake, ni tendo la haki. Tatizo liko katika namna anavyosimuliwa. Aghalabu mwandishi hugeuzwa kuwa mchumba. Yule msichana aliyeandika barua za uasi akiwa na miaka 15, na mwanamke mzima aliyeibishia Ulaya kuhusu hali ya wanawake wa Mashariki, hufichwa nyuma ya binti mfalme aliyependa Mzungu. Kitabu ndicho kilichompa nafasi katika matembezi, lakini ndicho kinachosomwa kwa uchache zaidi.

Kimo cha macho

Laiti kitabu hicho kingesomwa kwa makini, kingeyaumbua matembezi yenyewe. Salme anaeleza kwamba mabibi wa daraja lake hawakuzoea kutoka mchana. Walitoka usiku, wakiwa wamejifunika, wakitanguliwa na watumwa waliobeba fanusi. Anaeleza pia jinsi fitina ya mwaka 1859 ilivyopangwa kutoka dirisha la nyumba moja hadi dirisha la nyumba jirani, na jinsi alivyofahamiana na Ruete kwa sababu paa la nyumba ya huyo Mjerumani lilikuwa karibu na la kwake, chini kidogo. Mji wa Salme, kwa maneno mengine, ni mji wa madirisha, roshani na mapaa. Ni mji wa juu, tena wa usiku.

Matembezi ya leo hufanyika mchana, tena chini. Hadhira husimama kwenye kichochoro, karibu na mabaraza ya mawe ambayo tangu zamani yalikuwa makao ya wanaume. Kutoka hapo huona kile ambacho mwanamume aliyeketi barazani alikiona: mlango uliochongwa na ukuta uliofungwa. Katika miji ya Waswahili kulikuwa na wikio, vile vivuko vya juu vilivyounganisha nyumba mbili na kuwawezesha wanawake kutembeleana bila kushuka njiani. Mgeni anayepita chini ya wikio huambiwa ni pambo la usanifu. Kumbe amepita chini ya barabara kuu ya wanawake.

Hoja hii inahusu kile kinachoitwa katika uhakiki wa riwaya nafasi ya msimulizi. Mhakiki huuliza ni nani anayeona, na kutoka wapi. Katika matembezi ya wanawake wa Mji Mkongwe, anayesimuliwa ni mwanamke lakini jicho linaloona ni la mwanamume wa barazani. Dhamira na mtazamo vinapingana. Mwanamke huwa kitu cha kukisiwa nyuma ya ukuta, na fumbo hilo huuzwa kama sehemu ya haiba ya mji. Msimulizi mwenye uangalifu angeweza kuipunguza kasoro hii kwa kumpandisha msikilizaji juu ya paa moja tu, akamwonyesha jinsi nyumba zinavyotazamana na jinsi sauti ya kawaida inavyoweza kuvuka kichochoro. Hapo uasi wa mwaka 1859 ungeeleweka bila maelezo marefu.

Waliobeba fanusi

Katika picha hiyo ya mabibi wanaotembea usiku mna watu ambao ni rahisi kuwapita: wale waliobeba fanusi. Hawana majina. Wao ndio waliotembea mbele, wakaonyesha njia, na miguu yao ilizijua jiwe kwa jiwe njia ambazo mgeni wa leo hulipa ili aonyeshwe. Hapana kituo chao katika matembezi ya wanawake.

Kituo cha Mkunazini, ambapo palikuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, kipo, na ni miongoni mwa vituo vinavyohuzunisha zaidi. Kanisa kuu la Kianglikana limesimama mahali hapo, na sanamu za watu waliofungwa minyororo, zilizochongwa na Clara Sörnäs na kuwekwa mwaka 1998, humsimamisha kila apitaye. Hata hivyo, kisa cha Mkunazini husimuliwa kama sura ya pekee, iliyotengwa na kisa cha Kasri. Msikilizaji humwonea huruma binti mfalme asubuhi, akawaonea huruma watumwa adhuhuri, wala haombwi azihusishe huruma hizo mbili.

Lakini zinahusiana, na kitabu cha Salme ndicho ushahidi. Katika kumbukumbu zake aliutetea utumwa kama ulivyokuwa katika nchi za Waarabu na Waswahili, akidai kwamba hali ya watumwa huko haikuwa kama walivyodhani Wazungu, na akatumia maneno ya kuwadunisha Waafrika. Alifanya hivyo ilhali mama yake mwenyewe alifika Unguja akiwa mtoto aliyetekwa. Mji wa Hamburg ulikipa kiwanja kimoja jina la Emily Ruete mwaka 2019. Mwaka uliofuata wawakilishi wa wilaya inayohusika wakaamua jina hilo liondolewe kwa sababu ya maandishi hayo. Hamburg ilimsoma ikamfuta. Unguja bado humsimulia bila kumsoma. Njia zote mbili zina upungufu. Kumfuta Salme ni kupoteza ushahidi adimu wa mwanamke wa karne ya 19 aliyejiandika mwenyewe. Kumsimulia kama mchumba tu ni kumnyima heshima ya kubishana naye. Mwandishi anastahili kusomwa pamoja na makosa yake, na uhakiki hauna kazi nyingine iliyo ya msingi kuliko hiyo.

Ifahamike pia kwamba hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, lakini masuria hawakuhusishwa katika amri hiyo hadi mwaka 1909. Yaani wanawake waliokuwa katika hali ya mama yake Salme ndio waliosubiri zaidi. Matembezi yanayodai kuwahusu wanawake wa mji huu yakiiacha tarehe ya 1909, yamewaacha wanawake wengi kuliko wale yaliyowataja.

Siti binti Saad na kivuko cha Darajani

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini ya mji, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hakuwa na kasri wala ukoo wa kujivunia. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutembeza vyungu, na Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, anaonyesha kwamba sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiwaita wanunuzi. Alihamia mjini mwaka 1911, akafunzwa muziki, akaimba kwa Kiswahili katika taarab iliyokuwa imezoea Kiarabu, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay, ambako sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alifariki mwaka 1950.

Katika matembezi, Siti hupewa nafasi ya kupita. Hutajwa mbele ya Kasri kwa kuwa aliwahi kuwaimbia wakubwa. Jambo hilo ni kweli, lakini halimwelezi. Siti aliishi Ng'ambo. Neno lenyewe linajieleza: ni upande wa pili wa hori iliyoutenga Mji Mkongwe na makazi ya mafundi, wachukuzi, wavuvi, wapishi na watumwa waliokuwa wameachwa huru. Hori hiyo ilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20. Leo juu yake inapita barabara yenye jina la Benjamin Mkapa, na daraja la zamani limebaki katika jina tu: Darajani. Aghalabu matembezi huishia hapo, sokoni, penye samaki na viungo. Pale msimulizi anapowaaga wageni ndipo kisa cha Siti kinapoanzia.

Uhai wa sanaa ya Siti ulikuwa katika kuvuka. Usiku aliimba katika majumba ya mawe, na nyumbani kwake Ng'ambo waliimba na kujadili habari za mji, za mahakama na za wakubwa. Mwanahistoria Laura Fair, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2001, ameonyesha jinsi nyimbo hizo zilivyokuwa sauti ya watu wa Ng'ambo katika miaka ya 1920, wakati walipogomea kodi ya viwanja vya nyumba zao, mgomo uliofikia kilele mwaka 1928. Wimbo wake maarufu wa Kijiti ulieleza mauaji ya mwanamke mgeni na mwuaji aliyekimbilia bara. Habari ambayo ingezikwa katika majalada ya mahakama iliimbwa ikasikika pwani yote. Alipodhihakiwa kwa asili yake na umbile lake, alijibu kwa wimbo uliotukuza akili kuliko sura. Haya ndiyo mamlaka ya mwanamke asiye na ukuta: neno linalotembea.

Jina lake nalo ni matini. Msichana aliyeitwa Mtumwa aliishia kuitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Safari kati ya majina hayo mawili ndiyo historia ya mji huo kati ya mwaka 1873 na 1928, imekusanywa katika maisha ya mtu mmoja. Salme alizaliwa na cheo cha Sayyida akakipoteza ugenini. Siti alizaliwa bila cheo akakitunga. Kuwasimulia wawili hawa katika njia moja, bila kuonyesha kwamba njia zao zinapishana hasa katika suala la utumwa, ni kuuacha mgogoro mkuu wa kisa nje ya kisa.

Bi Kidude anaithibitisha hoja hiyo kwa upande mwingine. Alijifunza kuimba kwa kumsikiliza Siti. Alipiga msondo na kuwafunza wari katika unyago, elimu inayotolewa faraghani na isiyoacha jengo. Alipokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Aliimba mara nyingi katika Ngome Kongwe wakati wa tamasha la Sauti za Busara. Hata hivyo kituo cha Ngome bado husimuliwa kwa habari za Wareno na Waomani. Malkia Fatuma, aliyewaunga mkono Wareno walipozingirwa katika Ngome Yesu ya Mombasa kati ya mwaka 1696 na 1698, akapelekwa uhamishoni Maskati, hutajwa kwa sentensi moja tu, ya kufungulia habari za wanaume.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza linaweza kutolewa na waongozaji wenyewe, na si la kubezwa. Wanaweza kusema kwamba mgeni hulipa ili aone, na Ng'ambo hakuna cha kuonwa. Nyumba za udongo na boriti za enzi ya Siti nyingi zimetoweka, na sehemu kubwa ya mitaa ilibomolewa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ili yajengwe majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Mwongozaji asimame wapi?

Jibu linapatikana Forodhani penyewe. Kasri la Beit al-Sahel, alikoishi Salme na ambalo ni kituo kikuu cha kisa chake, lilibomolewa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Jengo linaloonyeshwa leo lilijengwa baadaye. Beit al-Ajab lilijengwa mwaka 1883, miaka 17 baada ya Salme kutoroka, na sehemu yake iliporomoka mwezi wa Disemba 2020. Basi hata katika njia ya mawe, mgeni haonyeshwi jiwe la Salme. Huonyeshwa mahali, kisha neno la msimulizi likajenga. Kama neno linaweza kulisimamisha upya kasri lililovunjwa, haliwezi kushindwa kuisimamisha nyumba ya makuti. Tofauti haiko katika ushahidi bali katika heshima tunayodhaniwa kuwa nayo kwa kila kimojawapo.

Pingamizi la pili ni la kinadharia. Inaweza kudaiwa kwamba kumweka Siti mahali pa Salme ni kubadilisha sanamu moja kwa nyingine, na kwamba uhakiki wa kike wenye mwelekeo huo huishia kuwagawa wanawake katika mabibi waovu na maskini wema. Tahadhari hiyo ni ya haki. Siti aliimba kasrini pia, akalipwa. Santuri zake zilitengenezwa na kampuni ya kigeni iliyotafuta faida. Hakuwa mwanamapinduzi wa kuchongwa. Lakini hoja ya makala haya si kumwondoa Salme. Ni kwamba kila mmoja ni ufafanuzi wa mwenziwe. Bila Siti, Salme ni hadithi ya mapenzi. Bila Salme, Siti ni hadithi ya kipaji. Wakikutanishwa, inaonekana jamii iliyompa mmoja kalamu na mwingine chungu kichwani, na jinsi kila mmoja alivyokivuka kile alichopewa.

Pingamizi la tatu linahusu hadhira. Matembezi haya hufanywa zaidi kwa lugha za wageni, na hupangwa kulingana na udadisi wao. Ni kweli kwamba fanani huiandama hadhira yake. Lakini hiyo ni sababu ya kuibadilisha hadhira. Mwanafunzi wa kike wa Michenzani anayesoma habari za Siti katika somo la fasihi ana haki ya kuisikia njia hii kwa Kiswahili, lugha iliyoimbwa na Siti mwenyewe. Itakuwa dhihaka ikiwa sauti iliyoitoa taarab katika Kiarabu na kuiingiza katika Kiswahili itakumbukwa mjini mwake kwa lugha nyingine tu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba matembezi ya wanawake mashuhuri katika Mji Mkongwe ni matini ya masimulizi inayotawaliwa na mawe, na kwamba utawala huo ndio unaoamua ni mwanamke gani anayekumbukwa na kwa namna gani. Imependekezwa kwamba mtazamo upandishwe kutoka barazani hadi darini. Kwamba waliobeba fanusi watajwe pale wanapotajwa waliomulikiwa. Na kwamba njia isiishie Darajani bali ivuke hadi Ng'ambo, kisha irudi, kama alivyovuka na kurudi Siti.

Mafunzo haya hayaihusu Unguja pekee. Mji wa Kale wa Mombasa una jadi ya Mwana Mkisi, malkia anayesemekana kuuanzisha mji. Una pia kumbukumbu za vyama vya lelemama, alizozichunguza Margaret Strobel, na masimulizi ya maisha aliyoyakusanya pamoja na Sarah Mirza kutoka vinywani mwa wanawake watatu wa Mombasa. Kati ya wanawake hao alikuwamo Mishi wa Abdala, mzao wa watumwa, na Shamsa Muhashamy, aliyelelewa katika ukoo wa wenye mashamba. Katika Mombasa matini ya kukutanisha njia mbili imekwisha kukusanywa na kuchapishwa. Kilichobaki ni kuitembeza. Lamu nayo, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, itakabiliwa na uteuzi huohuo kila mwongozaji anaposimama mbele ya ukuta.

Wanafunzi wa fasihi wana kazi hapa. Masimulizi ya waongozaji hayajapewa nafasi ya kutosha katika utafiti wa fasihi simulizi, ilhali huenda ndiyo simulizi za kihistoria zinazotambwa kwa wingi zaidi katika miji ya pwani hivi leo. Yarekodiwe, yalinganishwe kutoka fanani mmoja hadi mwingine, na yahakikiwe. Kazi hiyo ianzie Darajani, pale ambapo matembezi hukoma.